Chumba Nilichomtengenezea Bi Khola

Safari ya kutoka Lodwar hadi Mombasa ilinichukua siku tatu, na mgongo uliniuma siku zote tatu. Siku ya kwanza nilifika Kitale, nikakuta baridi na mvua, na hapo hapo nikaanza kuukumbuka mji wa Lodwar niliokuwa nimeulaani kwa miaka miwili. Ndivyo nilivyo. Mji nikiwa ndani yake hunichosha. Nikiupa kisogo tu, naanza kuulilia. Siku ya pili Nakuru, na ya tatu nikapanda basi la kuteremka pwani. Kwenye basi hilo nilisimama zaidi ya nilivyoketi. Jirani yangu wa kiti akaniuliza kama nina majipu.

"Ni kiti hiki," nikamwambia. "Kimechoka."

Kabla ya kiti nilikuwa nimelilaumu godoro, na kabla ya godoro niliilaumu mifuko ya saruji. Jasho lililonilowesha kila nilipolala nililiita joto la Lodwar. Mshipi wangu ulikuwa umeongezwa matundu mawili kwa msumari, nami nikasema ni kazi. Naandika haya kwanza kabisa kwa ajili ya mtu anayefanya kama nilivyofanya. Kila maumivu niliyapa sababu, na kila sababu ilikuwa uongo niliojitungia ili nisiende kuketi kwenye benchi la hospitali.

Mimi ni fundi, wa mawe na wa mbao, kutoka milima ya Taita. Tangu nilipomaliza kidato cha nne nimejenga Isiolo, Garissa, Malindi na Lodwar. Mke wangu Wakesho amebaki nyumbani na shamba na watoto wetu wawili, na huko mimi hufika kama mgeni, mara mbili kwa mwaka. Nilipofika miaka arobaini na sita, kupanda majukwaa ya miti kulianza kunitisha. Ndipo rafiki akanieleza kuhusu mafunzo ya miezi sita katika chuo kimoja kisiwani Mombasa. Mafundi wenye uzoefu walifundishwa kurekebisha nyumba ili ziwafae wazee. Nikaona hiyo ni kazi ya chini, haina jukwaa, na wazee hawakosekani duniani.

Mwalimu wetu aliitwa Kadzo, mama wa Kigiriama aliyekuwa akiwanyoosha viungo wagonjwa wa kiharusi kabla ya kugeukia kufundisha mafundi. Kanuni yake ilikuwa moja: "Mtu kwanza, futi baadaye." Ukitoa futi yako ya kupimia kabla hujamjua mtu, alikunyang'anya. Siku ya kwanza alitufunga mifuko ya mchanga vifundoni, akatukaza goti moja kwa ubao, akatutia pamba masikioni na kutuvika miwani iliyopakwa mafuta ya mgando.

"Haya. Sasa muna miaka themanini," akasema. "Nendeni chooni."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Fundi mmoja mnene wa Kilifi aliketi kwenye choo akashindwa kuinuka, akawa anamwita mamake.

Nyumba ya kufanyia mazoezi ilikuwa Kuze, katika Mji wa Kale. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, yenye kuta nene za matumbawe na chokaa, kizingiti cha kuruka, na ngazi ambayo kila kidato chake kilikaribia goti. Mwenye nyumba, Bi Khola, alikuwa anaelekea miaka themanini. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi hiyo, akavunjika nyonga, akapona, lakini hakuteremka tena. Karibu mwaka mzima alikuwa juu. Mwanawe, Maalim Athmani, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyekubali darasa letu liingie. Sisi wanaume wageni tulifanya kazi chini tu. Mwalimu Kadzo peke yake alipanda, akapima ngazi na choo cha juu, akashuka. Bi Khola tulimjua kwa sauti yake.

Mchoro uliochaguliwa ulikuwa wangu. Niliona jambo lenyewe ni rahisi: kama ngazi inamshinda, na ateremshwe. Nikakichukua chumba cha mbele, kilichokuwa cha kupokelea wageni, nikachora kitanda cha kimo sawasawa, mlango mpana, bafu la karibu lenye vishikio, kizingiti kikisawazishwa. Athmani akaupandisha mchoro kwa mamake. Tukangoja chini ya ngazi kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

"Mashallah, mchoro mzuri," sauti ikatujia. "Fundi amejitahidi. Mwambieni ahsante sana. Inshallah tutaona."

Tukapeana mikono. Kwetu Taita, anayekataa kazi yako anakuambia usoni. Sikujua kwamba Kuze mtu humkatalia mgeni kwa namna hiyo, kwa shukrani na dua. Athmani alijua, lakini naye alitaka mamake ateremke, kwa hiyo akanyamaza. Tukajenga kwa wiki tano. Chumba kilipokwisha, Bi Khola hakuja. Leo nyonga yauma. Leo ni Ijumaa. Hebu chokaa ikauke vizuri. Mimi nikamwona ni bibi mkaidi.

Joto la kaskazi lilikwisha, masika yakaanza, na vidole vyangu vya miguu vikafa ganzi. Nikailaumu mifuko ya mchanga.

Siku moja darasani nilivaa tena ile mifuko na miwani, zamu yangu ya kutembea hadi mlangoni na kurudi. Hatua ya nne, miguu ikaniacha. Nilianguka kifudifudi kama gunia. Darasa likalipuka kwa kicheko, wakapiga makofi.

"Huyo ndiye mzee wa kweli!" mtu akasema. "Mpeni maksi zote!"

Mwalimu Kadzo hakucheka. Alipiga magoti, akafungua mifuko, akanivua miwani.

"Simama," akaniambia.

"Nasimama," nikamjibu. Nilikuwa nimekwisha kuiamuru miguu. Haikusikia.

Makofi yakakoma. Nakumbuka dari la darasa, na mkono wa yule fundi wa Kilifi chini ya kichwa changu.

Wiki mbili zilizofuata ziliishia kwenye mabenchi: benchi la usajili, la damu, la picha, la daktari. Nilijifunza kwamba kungoja kuna ufundi wake. Unachagua benchi lenye ukuta nyuma. Unakula kabla ya kutoka, maana jina lako litaitwa anayekubeba akiwa amekwenda kukutafutia chai. Na mtu akikuuliza una nini, humjibu kwanza, unamuuliza yeye. Ikabainika kwamba ni TB, lakini ya uti wa mgongo. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, alinieleza polepole. Dawa mwaka mzima, bila kuruka hata siku moja.

"Na miguu?"

"Tutaona. Nguvu ikianza kurudi katika miezi sita ya kwanza, kuna matumaini. Isiporudi, sitakudanganya."

Miezi sita. Mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa miguu alipewa miezi sita ya kuingoja imrudie.

Chumba nilichopanga kilikuwa ghorofa ya tatu, na Wakesho alipiga simu akasema nirudishwe nyumbani. Daktari hakutaka niwe mbali na kliniki. Ndipo Athmani alipokuja wodini nilikolazwa, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaangalia vidole vyake.

"Kuna chumba kitupu kwetu," akasema. "Kimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kutembea. Nawe wakijua."

Kwa hiyo niliingizwa mikononi mwa watu katika chumba nilichomtengenezea Bi Khola. Nilishika vishikio nilivyovifunga mwenyewe, na nikagundua kimoja nilikiweka juu mno kwa upana wa kiganja.

Asubuhi ya kwanza ya dawa, mkojo wangu ulitoka mwekundu. Hakuna aliyenionya, au nilionywa nisisikie. Nikajua nakufa, nikaificha chupa chini ya kitanda. Athmani aliiona, akaichukua.

"Maalim, iache, tafadhali. Ni aibu."

"Mgonjwa hana haya, na muuguzi hana kinyaa," akasema. "Na rangi ni ya dawa. Nimeuliza."

Wewe unayeanza dawa hizi, jua mapema: ni rangi tu. Na usikubali kutazamwa kama sumu. Wazazi wawili wa madrasa waliposikia neno TB waliwaondoa watoto wao. Athmani alikwenda kliniki akaleta maneno ya muuguzi, kwamba kifua changu kilikuwa safi na siwezi kumwambukiza mtu, akawaeleza mlangoni nikisikia. Mmoja alirudi. Mwingine hakurudi, na Athmani hakunitajia tena.

Wakesho alikuja mwezi wa pili wa dawa, na mfuko wa ndizi za kwetu na hasira ya miaka ishirini.

"Umekonda mpaka masikio," akasema.

"Ni dawa."

"Usinianzie. Kila ulipoondoka ulisema miguu ni yako, hakuna wa kuifunga. Haya, sasa nani anaibeba?"

Alinifungua mkanda mgumu wa mgongo, akaniosha. Paja langu lilikuwa jembamba kama mkono wa mwanamke, ngozi imelegea juu ya mfupa. Alilisugua kwa nguvu kupita kiasi, nami sikumwambia apunguze, maana alikuwa analia, na zaidi ya hayo sikusikia kitu.

Akakaa wiki mbili. Mchana alipanda juu kuwasaidia wanawake kupika, nami nikabaki na chumba changu. Sasa nataka kukieleza jinsi kilivyo ukiwa ndani yake umelala. Dirisha liko njiani. Kila apitaye hukusalimu, na kila salamu hutaka jibu. Wageni wa Athmani huja kuketi humo kwa sababu ndimo wageni walimoketi siku zote, nao huzungumza juu ya kichwa chako. Mlango mpana niliojivunia ulimwonyesha kila mtu mkojo wangu. Na nyumba yenyewe, vicheko, harufu ya bizari, ugomvi wa watoto, yote iko juu. Chini unasikia nyumba kama mtu anayesikia arusi ya jirani.

Siku moja Wakesho aliteremka akicheka peke yake.

"Juu kukoje?" nikamuuliza.

"Kwani hujawahi kuona?"

"Ni kwa wanawake na watu wa nyumba."

"Kuna dirisha, linatazamana na la nyumba ya pili. Njia ni nyembamba hata mtu na jirani yake waweza kupeana sahani. Bi Khola na huyo jirani, Bi Mwana, wameketi hapo tangu walipoolewa. Asubuhi wanachambua mchele, jioni wanakunywa kahawa, kila mmoja kwake, wanasengenya mji mzima." Kisha akanitazama. "Ulimtengenezea mtu nyumba bila kujua anaketi wapi?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano. Wakesho aliporudi Taita, nikamwita Bi Khola. Kufikia wakati huo tulikuwa na desturi: yeye huketi kwenye kidato cha juu kabisa, nami kitandani mlango wazi, tunasikizana bila kuonana.

"Masalkheri, Bi Khola."

"Masalkheri, fundi. Uji umekunywa?"

"Nimekunywa. Bi Khola, nakuomba radhi. Kwa chumba hiki."

"Chumba kizuri."

"Kizuri kwa mgeni."

Nikamsikia akicheka chini chini. "Ehe! Sasa waanza kupona. Hapo ulipo ni pa wageni, mwanangu. Nikilala hapo nitakuwa mgeni kwangu. Mamangu ngazi hino aliteremshwa mara moja, kwa jeneza. Nikaona nyinyi mwataka kuniteremsha ningali na pumzi."

"Mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia. N'lisema tutaona."

Mwezi wa tatu, wa nne. Kliniki wagonjwa wa mgongo tulijuana kwa mikanda yetu, na tulisalimiana kwa miezi, kama wanawake wajawazito. "Wewe wa ngapi?" "Wa nne. Wewe?" "Wa tisa, karibu najifungua." Mzee mmoja wa Likoni hakuulizwa tena, kwa sababu ilijulikana miezi imekwisha na miguu haikurudi. Alikuja kwenye kiti cha magurudumu, amevaa vizuri, ananukia udi. Nilikaa mbali naye. Sijivunii hilo. Nilimwogopa kama mtu anavyoogopa kioo.

Baridi ya kusi ilikuwa imeshika, mwezi wa tano unakwisha, asubuhi moja kidole gumba cha mguu wa kulia kikawasha. Kiliwasha tu, kama kimeumwa na mbu. Nilikitazama nusu saa. Nikakiambia kisogee, kikasogea kama mjusi anayekata roho. Nilipiga kelele, na Athmani akaja mbio akidhani nimeanguka.

Mwalimu Kadzo akaanza kuja mara mbili kwa wiki. Alinisimamisha kwa vishikio, akanitesa, hana huruma mama yule. Siku moja nikamweleza habari ya dirisha. Akaketi kitandani kwangu.

"Nilipanda mimi," akasema. "Nilipima choo, nikapima ngazi, nikapita mbele ya dirisha lile nikawaamkia wote wawili. Mtu kwanza! Na bado nikashuka na futi."

"Cheti changu bado, mwalimu. Nipe ngazi iwe mtihani wangu."

"Ngazi ipi, nawe hata kidato huwezi?"

"Ndiyo sababu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Vidato vilikuwa virefu kwenda juu, lakini vipana, kwa hiyo kila kimoja kingeweza kubeba kisanduku cha mbao cha kukigawa mara mbili. Swali lilikuwa kimo. Kadzo alipanga vibao sakafuni, akaniamuru niinue mguu wa kushoto, ule mbaya. Vibao vinne, nikashindwa. Vitatu, kisigino kikagonga. Viwili, ukapanda. Akampigia Bi Khola kelele juu ajaribu naye. Viwili vilevile. Hicho ndicho kikawa kimo cha visanduku vyetu, na futi ilitoka mfukoni baada ya hapo. Wenzangu, waliokwisha kumaliza mafunzo, walirudi kukata mbao uani nikiwaelekeza nimeketi. Reli tulitaka mbili, kila upande. Ukuta wa matumbawe haushiki bolti kama zege. Bolti ilizunguka ndani kama kijiko ndani ya uji. Tukaufunga kwanza ubao mrefu kwa vishikizi vingi na chokaa, kisha reli juu ya ubao. Nilining'inia mimi wa kwanza kuijaribu. Juu, Kadzo na Athmani wakakitia choo vishikio, na safari hii kila kimo kiliulizwa kwa Bi Khola mwenyewe.

Siku kazi ilipokwisha, walitoka nje wanaume wote isipokuwa mimi na Athmani. Bi Khola akateremka. Alishika reli zote mbili, mguu, mguu, pumzi. Ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza, mdogo kuliko sauti yake. Akaingia chumbani, akagusa kitanda, akafungua mfereji, akaufunga.

"Mashallah," akasema. "Chumba kizuri." Tukacheka sote. Kisha akageuka akapanda, kwa sababu Bi Mwana alikuwa akimngoja.

Baada yake nikajaribu mimi. Daktari alisema miezi sita. Huu ulikuwa mwisho wa ule wa sita. Mguu wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulitetemeka, ukasita, ukaja. Vidato viwili, basi. Nikaketi kwenye cha pili, jasho likinitoka, na Athmani akaketi chini yangu akasoma dua bila sauti.

Sitadanganya kwamba kuanzia hapo ilikuwa mteremko. Mwezi wa nane tumbo lilikataa dawa, nikazificha mbili chini ya ulimi, na Wakesho, ambaye sasa alikuja kila mwezi, alinikamata. Hakunigombeza. Aliketi akasema, "Ukiacha, nitakuuguza. Lakini sitakusamehe." Nikazimeza. Nilipata cheti nikiwa na gongo la kutembelea. Pale kliniki, siku moja, niliomba kuketi karibu na mzee wa Likoni. Nilimuuliza mlango wa nyumba yake una upana gani. Akaniambia miaka miwili hakuna aliyemuuliza hilo. Nikaenda na Kadzo, tukautanua. Ndiyo kazi ninayofanya sasa, huko kwetu, ambako nyumba ziko kwenye miteremko na wazee wamejifungia ndani.

Masika yalirudi, na kidonge cha mwisho kilikuwa siku ya Jumanne. Nilikimeza kwa chai ya tangawizi mbele ya nyumba nzima. Alhamisi nikaondoka.

Mji nilioishi humo nikiwa mgonjwa sikutarajia kuulilia, lakini nilianza hata kabla sijafunga begi. Wakesho alikuwa ametangulia na mizigo kwa tuktuk. Mimi nilitaka kutembea hadi barabarani. Bi Khola akateremka kunisindikiza mlangoni.

"Utarudi?" akaniuliza.

Kila mji nilioutoka niliuahidi nitarudi, na sikurudi hata mmoja. Nikamwambia kweli. "La, Bi Khola. Nakwenda kukaa nyumbani."

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya, nenda nikuone."

Nikavuka kizingiti. Nyuma yangu nikazisikia hatua zake zikipanda ngazi bila kupumzika, haraka kuliko anavyoruhusiwa. Nilikuwa nimefika ukuta wa nyumba ya tatu, gongo mkono wa kulia, mguu wa kushoto ukiburura kidogo, niliposikia dirisha likifunguliwa juu, kisha la pili likalijibu.

"Yuwaenda?" Bi Mwana akauliza.

"Yuwaenda."

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake, na gongo."

"Gongo si kitu. Hebu nisogee nimwone."

Sikuinua macho, maana si adabu mwanamume kutazama madirisha ya juu. Nilinyoosha mgongo tu, kadiri ulivyokubali, nikaendelea kutembea.